Tulivyofunzwa kujibu wageni

Tangu Aprili 2023, ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, pwani ya Kenya, miili ya waumini wanaodaiwa kuambiwa wafunge kula mpaka kufa, wao na watoto wao, wanaojua kwamba nililelewa katika kundi la dini huniuliza wazazi wale walikuwa na moyo gani. Mimi huwawaza watoto. Miili ilipita 400, na Februari 2024 mhubiri wao Paul Mackenzie na wenzake waliposhtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, wakakana, nilizima redio. Watu hushangaa siri kubwa hivyo ilifichwaje. Ya kwetu ilifichwa na sisi watoto.

Kundi letu sitalitaja, maana damu yangu bado iko humo. Lilikuwa bara, mbali na Kilifi, na halikumnyima mtu chakula. Tulichonyimwa ni hospitali, dawa, shule na kuandikishwa popote. Aliyekuwa nje ya kundi aliitwa mtu wa dunia, hata akiwa nyanya yako aliyemzaa baba.

Jioni baada ya maombi, mzee wa kundi alituketisha na kutuuliza maswali kwa sauti ya naibu wa chifu. Baba yuko wapi? Amesafiri. Mnasoma wapi? Tumehamia juzi, bado tunatafutiwa shule. Aliyebabaika alirudishwa mwanzo mpaka jibu limtoke bila kufikiri. Hatukuona kwamba tunafundishwa uongo. Tulisomewa habari za Rahabu, aliyewaficha wapelelezi darini kwa mabua ya kitani akaokoka na nyumba yake yote, nasi tukajiona tumesimama pale pale aliposimama.

Siku za chanjo ya polio ndizo ninazozikumbuka kuliko zote. Wahudumu walipita nyumba kwa nyumba, wakamdondoshea kila mtoto matone mdomoni, wakampaka wino kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ili asihesabiwe tena. Mama alikuwa na kalamu yake ya wino. Alfajiri alituita mmoja mmoja, akapaka ukucha, akavusha wino kidogo mpaka kwenye ngozi kama walivyofanya wao, halafu akapuliza ukauke. Mama hakuwa mtu wa kukushikashika. Asubuhi ile alinishika mkono kwa upole ambao sikuuzoea, nami nikatamani wahudumu waje kila wiki. Walipofika tulinyoosha vidole, wakatusifu, wakaenda zao. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 200 wanaoambukizwa polio, mmoja hupooza asipone tena. Kwetu haikuingia.

Surua iliingia. Mdogo wangu aliungua homa, macho yakavimba, kifua kikajaa, na waliomzunguka wakakesha wakiomba kwa imani ambayo hata leo siwezi kuiita ya uongo. Walimpenda. Alizikwa kabla jua halijapanda. Jirani alipokuja kuuliza mtoto yuko wapi, watu wazima walinyamaza, wakanitazama. Nikajibu kwamba amepelekwa kwa mjomba.

Nilikuwa mtoto, na jibu lile nililibebeshwa na watu wenye nguvu kunishinda. Imeniuma miaka mingi kukubali hivyo.

Baada ya Shakahola, Rais Ruto aliunda jopo chini ya mchungaji Mutava Musyimi kuangalia upya jinsi mashirika ya dini yanavyosimamiwa. Sipingi makanisa kusajiliwa. Ila kundi kama letu halikuwa na bango wala paa la kanisa. Aliyeweza kulijua ni yule aliyekuja mlangoni, na kila aliyekuja alituuliza mambo mbele ya wazazi wetu. Natamani mmoja tu angenipeleka kando, chini ya mti, akaketi mpaka nimalize majibu niliyokariri.

Nilitolewa na shangazi nikiwa kijana. Kusoma nilijifunza nikiwa na ndevu. Kitambulisho ndicho kilichonitoa jasho zaidi: huna cheti cha kuzaliwa, huna kadi ya kliniki, huna cheti cha shule, na wanaoweza kushuhudia kwamba ulizaliwa wameapa kutoingia ofisi ya serikali.

Dada yangu aliyenifuata ametoka mwaka huu, naye hana karatasi hata moja. Mama bado yuko ndani. Nilimpigia kupitia simu ya jirani, nikamwomba aje kwa chifu aseme kwamba huyu ni mwanawe. Amekubali. Tunaenda Jumatatu.