Siku moja kazini: kipimo cha spidi kinapogoma

Saa 2 asubuhi niko Sinza, ofisi ya uhasibu, namsalimia mama mwenye ofisi shikamoo anaitika marahaba halafu hapohapo, "fundi, mtandao wenu mbovu, hata kipimo chenyewe hakimalizi". Ruta taa zote kijani, simu yangu kwa waifai yake inapima spidi ya Mbps 48 na kifurushi ni cha 50, kwa hiyo laini iko salama, shida iko kwenye kompyuta. Speedtest, kipimo cha spidi cha kampuni ya Ookla, inazunguka wee mwisho inagoma ila fast.com, kipimo kingine, inafunguka freshi, na hiyo ndo dalili yenyewe, maana fast.com inapita poti 443 (poti ni kama mlango wenye namba wa kupitisha data) kama tovuti yoyote ya https wakati seva za Ookla zinatumia poti 8080, sasa fayawoli, yaani ulinzi unaochuja data inayopita, ikiziba 8080 barua pepe zitaingia, YouTube itacheza, kipimo tu ndo kinakufa.

Saa 3 nimeipata, antivirusi ina fayawoli yake na imeifunga hiyo poti. Kuna mafundi wanazima antivirusi wanaondoka zao, mimi hiyo siipendi kabisa, mhasibu anashika hela za watu jamani! Nimeongeza ruhusa ya hiyo poti, ulinzi umebaki palepale, tumepima, imekubali.

Saa 5 Mikocheni. Kijana wa chuo, ping, yaani kile kipimo cha kuona kama mtandao unajibu, inajibu lakini brauza haifungui kitu. Nikauliza uliwahi kuweka VPN ya bure, ile programu inayozungusha mtandao wako kwenye seva nyingine kwanza? Akasema ndiyo ila nilishaitoa. Imetoka ikaacha proksi (anwani ya kati ambayo brauza inapitia kwanza) 127.0.0.1 kwenye Windows, na hiyo anwani ni kompyuta yenyewe, yaani brauza inamtuma mtu kwa programu ambayo haipo tena. Settings, Network, Proxy, zima, kwisha.

Saa 9 Mbezi, dada anafanyia kazi nyumbani, anapata Mbps 6 na seva ya kipimo imejichagua ya Frankfurt. VPN ya kazini iko wazi na kila kitu kinazungukia Ujerumani kwanza. Tukaikata kidogo tukapima kwa waya, namba zikapanda, akairudisha akaendelea na kikao chake.

Saa 11 nimewaandikia wenzangu wa kupokea simu: kabla hamjamwambia mteja azime awashe ruta, muulizeni kwanza kifaa kingine kwenye waifai hiyohiyo kinapima ngapi, na kama ana VPN au antivirusi. Yule mama wa Sinza alizimishwa ruta wiki nzima bure tu.