Mshindio uliokuwa ukinisinyazia kitambaa

Leo nimekitoa kipande cha nne cha kitambaa nilichokifuma kwenye maji ya kuchemka nikakipima, na kwa mara ya kwanza upana umebaki sentimita 58 kati ya 60 nilizozitandaza kwenye kitanda cha mfumi. Vipande vitatu vya awali vilisinyaa hadi 51 au chini yake, nami nilikwisha kuulaumu mtande, yaani nyuzi za urefu, chanuo linalozitenga, hata unyevu wa kusi hapa Langoni.

Kosa lilikuwa kwenye mshindio, uzi unaopita kwa upana kati ya nyuzi za mtande. Mtande wangu ni uzi nyoofu wa poliesta, bali mshindio ni uzi wa denia 150 (denia ni kipimo cha unene wa uzi) uliotiwa mawimbi kiwandani, yaani uliosokotwa ukapitishwa kwenye joto la takriban digrii 200 za Selsiasi, ukapozwa, kisha ukasokotolewa, ili kila unywele wake ubaki umejikunja. Kwa mazoea ya pamba nilikuwa nikiuvuta hadi mawimbi yananyooka. Kitambaa kilionekana kimetulia, lakini kilipoteremshwa mawimbi yalirudi, na kwa kuwa poliesta huanza kulegea kwenye digrii 70 hadi 80, maji ya moto yakaimaliza kazi.

Kilichonichelewesha kuligundua ni kile kijiti cha kutanulia pindo ambacho wafumaji wengi hukisifu. Kwa uzi wa aina hii mimi nakiona kifaa cha kuficha maradhi, maana upana kiliushikilia chenyewe. Nimekiweka kando, uzi nauchemsha kwanza ukiwa umelegea, nauanika kivulini, kisha kila mshindio naulaza kwa tao kabla ya kuugongea.

Tofauti yake na kipande cha uzi nyoofu mtupu haihitaji darubini. Kile kinateleza na kung'aa, mng'aro wa kukumbusha hariri zilizoipa Pate sifa zamani, ila ukikielekeza juani mwanga unapenya. Hiki kimefumba matundu, ni laini, kimefifia, na kinavutika kwa upana, ingawa hunasa kwenye kila kucha. Jasho hakuna kinacholinywa: poliesta hufyonza unyevu wa takriban asilimia 0.4 tu ya uzito wake.

Nilikusudia kuvipima nguvu kwa kuvitundikia madumu ya maji, lakini wazo jingine limeniteka: nikipishanisha kwa makusudi mistari ya uzi nyoofu na ya uzi wa mawimbi, nikauvuta ule wa pili kama nilivyokuwa nikikosea, mstari mmoja utasinyaa na jirani yake utafura vikunjo. Sentimita 20 za kwanza tayari ziko kitandani, na madumu yamerudi kisimani.