Siku Moja Maishani Mwangu: Taa ya Injini Imewaka, Sensa Gani Inadanganya?

Saa 1:00 asubuhi

Kazi yangu ni umeme wa magari, na saa ninayoipenda kuliko zote ni hii, kabla injini yoyote haijawashwa. Gari lililolala gereji limepoa lote. Maji ya rejeta, hewa na chuma vyote viko kwenye joto moja. Nikifungua swichi bila kupiga stata na kuangalia kwenye mashine ya kupimia, sensa ya joto la maji na sensa ya joto la hewa zinapaswa kukubaliana, au zipishane nyuzi chache tu. Zikipishana sana, moja inadanganya.

Gari la leo: hewa nyuzi 23, maji nyuzi 4. Mwenyewe analalamika kwamba linakunywa petroli na kutoa moshi mweusi, lakini taa ya injini haijawahi kuwaka. Haishangazi. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, huwasha taa inapoona jambo lisilowezekana. Waya wa sensa ya maji ukikatika, usomaji huporomoka hadi nyuzi -40, na hapo taa inawaka. Nyuzi 4 ni joto la kawaida kabisa mahali fulani duniani, kwa hiyo kontroboksi ya gari hili, ambalo ni la zamani kidogo, inaamini injini ina baridi na inaendelea kuongeza petroli. Sensa iliyokufa hujitangaza yenyewe. Inayokosea kidogo ndiyo inayomaliza mafuta ya watu kimyakimya.

Ukinzani wa sensa hii, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, hushuka kadiri joto linavyopanda. Nyingi zinazopita mikononi mwangu husoma kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, kisha hushuka hadi omu mia mbili au tatu hivi injini ikishapata moto. Nikachomoa soketi na kupima kwenye pini za sensa yenyewe: imepita omu 5,000. Soketi safi, waya mzima. Hii ni ya kubadilisha, hakuna mjadala.

Saa 3:00

Hapa ndipo siku ilipokaa muda mrefu.

Mama mmoja kaleta gari lenye namba ya hitilafu P0171. Aliambiwa mahali pengine kwamba sensa ya oksijeni, ile inayonusa moshi kwenye ekzosi, imekufa, ikabadilishwa, taa ikazimwa. Baada ya siku chache ikarudi. "Fundi, mpya nayo imekufa?" Nikamwambia hapana, mama, na huenda hata ile ya kwanza haikuwa na kosa.

Namba za namna hii, zinazoanza na P0, zina maana moja kwa magari ya aina zote. Marekani ililazimisha mfumo huu wa uchunguzi kwa magari ya modeli ya 1996 na kuendelea, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Ndiyo maana soketi ya pini 16 chini ya dashibodi inakubali mashine yangu, awe nani aliyetengeneza gari. Lakini P0171 haitaji sensa yoyote. Inasema mchanganyiko wa upande wa kwanza wa injini una hewa nyingi kuliko petroli. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa. Ni shahidi, na watu wamemfunga shahidi.

(Sensa hii ilianza kuwekwa kwenye magari mwaka 1976, Volvo zilizouzwa Marekani. Mpaka leo sijaona nyingine inayoonewa kama hii.)

Kwanza nikaangalia kama shahidi ana akili timamu. Ile ya kawaida, ikishapata joto la nyuzi 300 hivi, huruka huku na huku kati ya volti 0.1 na 0.9. Juu maana yake petroli imezidi, chini maana yake hewa imezidi. Nikakanyaga mafuta kwa ghafla, ikapanda hadi 0.85. Nikaachia, ikaanguka. Nzima. Mbovu ingebaki katikati kwenye 0.45, au ingepanda na kushuka kwa uvivu.

Kisha nikatazama marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kontroboksi inaongeza au kupunguza ili kuweka mambo sawa. Ikibaki ndani ya kumi juu au chini sihangaiki. Hapa, injini ikiunguruma yenyewe bila kukanyagwa, ilikuwa imeongeza asilimia 24. Nikaipandisha hadi mizunguko 2,500, ikashuka hadi 6. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kila mwenye mashine ya kupimia aielewe. Tundu la kuvuja hewa ni lilelile wakati wote. Injini ikienda taratibu inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi, inayopenya tunduni, ni sehemu kubwa. Ikienda mbio inavuta nyingi, na ya wizi haionekani sana. Ingekuwa kinyume, marekebisho yakapanda kadiri injini inavyokazana, ningeenda kwenye pampu ya mafuta, chujio lake, au sensa chafu ya kupima hewa.

Nikapuliza moshi kwenye njia ya hewa. Ukatokea nyuma ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye injini, kwenye mpira wa vakyumu (wa kunyonya hewa) uliopasuka upande wa chini ambao jicho halifiki. Mpira mfupi kuliko kidole. Dakika kumi baadaye marekebisho yalikuwa asilimia 3.

Saa 6:00 mchana

Simu: "Taa imewaka, niendelee na safari?" Nikauliza, imetulia au inapepesa? Imetulia. Basi endesha kwa upole, angalia kipimo cha joto na taa ya oili, ukifika pima. Ikianza kupepesa huku injini ikimisi, yaani ikikosa kuchoma petroli sawasawa, punguza mwendo mara moja na uegeshe. Petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye katalista, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na kuiharibu.

Saa 8:00

Gari linalozimika barabarani likishapata moto, kisha baada ya nusu saa linawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuna namba ya hitilafu hata moja. Malalamiko haya yakija, kwanza kabisa huishuku sensa ya kranki, ile inayoiambia kontroboksi injini imefika wapi kwenye mzunguko. Bila yake hakuna cheche, na kwa kawaida hakuna petroli.

Likiwa baridi, ukinzani wake ulikuwa mzuri kabisa, na hapo ndipo wengi huishia na kuiacha. Nikaipasha kwa mashine ya upepo wa moto huku mita ikiwa imeunganishwa. Usomaji ukayumba, ukakatika. Ilipopoa, ukarudi. Waya mwembamba wa ndani umekatika, na joto likizidi ncha zake zinaachana. Ukikwama barabarani na gari la namna hii, piga stata huku ukitazama mzunguko wa injini kwenye mashine. Ukisoma sifuri wakati injini inazunguka, anza na sensa hiyo, lakini soketi yake nayo usiisahau.

Saa 10:00 jioni

La mwisho, taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki. Kaka mwenye gari kaja na sensa mpya ya gurudumu la mbele kulia ndani ya boksi, nimfungie tu aondoke. Nikamwomba tuzunguke kwanza taratibu. Kwenye mashine magurudumu matatu yanasoma kilomita 15 kwa saa, la nne linasoma sifuri.

"Si unaona? Imekufa."

Nikamuuliza taa iliwaka lini. Tangu beringi ya gurudumu lile lile ilipobadilishwa. Hapo nikaishuku beringi. Nyingi za siku hizi zina ukanda wa sumaku upande mmoja, na sensa husoma sumaku hizo zinavyopita. Beringi ikifungwa kinyume, ukanda unatazama nje na sensa haioni kitu, hata ukiibadilisha mara ngapi. Tulipoifungua, upande wa sensa nikausogezea kadi ya kuonyesha sumaku: patupu. Upande wa pili mistari ikatokea, imepangana vizuri.

Beringi iliyokwisha kung'olewa kwa presi sirudishi, kwa hiyo tumeagiza nyingine na gari linalala hapa. Sensa ya zamani tuliipima, ni nzima, inabaki palepale.

"Na hii niliyonunua?"

Hajaitoa kwenye boksi lake. Nikamwambia aiwahishe dukani kabla hawajafunga.