Siku moja kwenye chumba cha eko: mapafu makavu, moyo uliochoka

Saa 1 asubuhi nawasha mashine, natandika shuka safi, napanga jeli na fomu za wagonjwa. Napima moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo tunachokiita eko, kwenye hospitali ya rufaa Kanda ya Ziwa. Wengi wanadhani kazi yangu ni kupaka jeli na kupiga picha. Picha ni mwanzo tu. Kinachonichosha, na ninachojivunia, ni kusoma shinikizo la damu ndani ya kifua cha mtu bila kumchoma hata sindano.

Hadi saa 4 nimepitisha wagonjwa wa presha, mtoto mwenye tundu la moyo na mzee wa kliniki. Foleni inakwenda.

Saa 4 na robo akaingia dada ambaye hajafika hata miaka 30, kashikiliwa na kaka yake. Kabla sijamwambia mgonjwa akae, kaka alishaanza.

"Dokta, hapa tumeelekezwa vibaya. Huyu anaumwa kifua. Ametumia dawa za pumu mwaka mzima. Eksirei hii hapa, wamesema mapafu hayana maji. Sasa moyo unahusikaje? Hela imekwenda bure."

"Kaka yangu, nipe nafasi nimpime, halafu tutaongea."

Hakunipa. Na dada mwenyewe hakuweza kulala ubavu wa kushoto, mkao ninaouhitaji ili moyo usogee karibu na ukuta wa kifua. "Nakabwa," akasema. Nikampima akiwa amekaa, ameegemea mito, kila picha naiwinda kati ya pumzi na pumzi. Katikati umeme ukakatika. Tukasubiri jenereta, tukasubiri mashine iwake upya, na kaka bado anaongea. Mkono unaoshika proba, kile kifaa ninachokipitisha kifuani, ulikuwa umekufa ganzi.

Lakini jibu lilikuwepo. Vali ya mitrali, mlango kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, ilikuwa nene na imegandamana. Mtu mzima mwenye afya ana upenyo wa sentimita za mraba 4 hadi 6. Wake haukufika hata 1. Ndiyo kazi ya homa ya rumatiki: mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, kisha miaka ya kovu. Damu inayovuja kurudi nyuma upande wa kulia ilikwenda mita 4 kwa sekunde, na kasi hiyo kwa hesabu ni shinikizo la milimita 64 za zebaki. Nikiongeza shinikizo la chumba cha juu kulia, shinikizo la ateri ya mapafu, mshipa unaopeleka damu mapafuni, lilikaribia 80. Kawaida halizidi 35 hivi.

Nikageuzia proba kwenye mapafu. Makavu kweli. Kaka hakukosea kuhusu eksirei. Nikamwekea filamu ile kwenye taa, nikamwonyesha mishipa ya juu ya mapafu ilivyonenepa.

"Damu inashindwa kupita mlangoni, inarudi kwenye mapafu," nikamwambia. "Ingetokea ghafla, angejaa maji. Kwake imekuja polepole. Kuta za kapilari, mishipa midogo kabisa, zimekuwa nene, mishipa ya limfu imetanuka inazoa maji kabla hayajajaa, na ateri ndogo zimeota misuli na kubana ili damu isije nyingi."

"Basi mwili umejitibu."

"Umejikinga. Gharama inalipwa na upande wa kulia wa moyo, unaosukuma kwenye mishipa iliyobana mpaka unatanuka. Tazama miguu yake." Nikabonyeza juu ya kifundo, shimo likabaki. Kaka akanyamaza.

Chakula cha mchana sikumbuki nilikula saa ngapi.

Baadaye nikaitwa chumba cha dharura, nikisukuma mashine ndogo. Baba mmoja, presha imepanda usiku huo, anatoa povu la waridi mdomoni. Mistari myeupe, alama ya maji kwenye mapafu, ilijaa kila nilipoweka proba kifuani. Mapafu ya yule dada yalipata miaka ya kujizoesha. Ya huyu baba yalipata saa chache tu. Wauguzi walishamkalisha, oksijeni iko usoni, furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, imeingia mshipani. Nilibaki mpaka mistari ikaanza kupungua.

Jua linazama ndiyo nikaandika ripoti ya dada, mgongo unauma. Daktari wa moyo alishazisoma picha kwenye mashine na kuzungumza nao juu ya kupanua vali kwa puto. Kaka alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Dokta, wakiifungua, mishipa ya mapafu itarudi kama zamani?"

"Shinikizo huwa linashuka, mara nyingi palepale, na huendelea kushuka kwa miezi. Ila mishipa iliyobana muda mrefu haiachii yote. Ndiyo maana asicheleweshwe."

Akaomba nimwandikie tarehe ya kurudi kwenye karatasi yake mwenyewe, asije akaipoteza. Nikaandika.