Picha yangu ya Tingatinga iliota ukungu: jinsi nilivyoiokoa

Masika ya mwaka huu hapa Moshi yalinitia simanzi. Picha yangu ya mtindo wa uchoraji wa Tingatinga, ndege wawili wa shingo ndefu kwenye anga ya bluu, ilianza kunuka uvundo. Nilipoishusha nikakuta madoa meusi ya ukungu nyuma, na kitambaa kimelegea kama shuka.

Nikadhani rangi ndiyo mbovu. Sivyo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mtindo huu Dar es Salaam mwaka 1968, alichora kwa rangi ya mafuta ile ya kung'aa, na mbele picha yangu ilikuwa salama kabisa. Kosa lilikuwa ukuta: ni wa nje, unapigwa na mvua, nami nilikuwa nimeibana fremu hadi hewa haipiti.

Niliianika barazani, kivulini, siku mbili. Ukungu ulipokauka nikaupangusa kwa brashi laini, pua na mdomo nimevifunga. Thina sikuigusa, maana inayeyusha rangi. Kisha nikang'oa pini za upande mmoja, nikavuta kitambaa taratibu, nikapiga pini upya.

Dawa yenyewe hasa ilikuwa kandambili kuukuu. Nilikata vipande vinne, nikavigundisha kwenye kona za nyuma ya fremu ili picha isiguse ukuta. Nikaihamishia pia ukuta wa ndani, mbele ya meza ya chakula.

Mvua zimepita, harufu hakuna. Asubuhi wanangu wanakunywa chai wakibishana ni ndege yupi anayeimba.