Mjomba kasema mie napima

Tangu Ijumaa kuna neno la mjomba Haji limenikaa rohoni, nikila lipo, nikilala lipo, bora niliandike labda litatulia. Hakunitukana. Hata sauti hakupandisha. Alipita gereji baada ya swala na kanzu yake, mkononi kashika mfuko wa maembe ya bimkubwa, akanikuta nimeinamia ile mizani nnayoazima kwa sonara wa Darajani, rola, vile vigurudumu vidogo vinavyokaa ndani ya puli ya skuta, nimezipanga juu ya kitambaa cheupe. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasimama pale. Akatizama weee.

"Unapima nini, dhahabu?"

"Rola mjomba. Za skuta ya Bi Time."

"Sisi tulikuwa tunasikiliza."

"Hata mie nasikiliza mjomba, ila..."

"Aa. Wewe unapima."

Akautundika mfuko kwenye msumari, akenda zake.

Basi, hayo tu. Wiki yenyewe haikuwa ndogo, Zuu anayekaa na bimkubwa kaposwa na barua imejibiwa, kijana wetu wa gereji kaenda Wete kwenye msiba wa babu yake, mwenye banda kaja kudai kodi na kaondoka nayo, lakini ukiniuliza nini kimetokea wiki hii nitakwambia mjomba kasema wewe unapima.

Kinachouma ni kwamba huyu ndo aliyenifundisha. Nilipokuwa mdogo nikimshikia spana, vespa ikiletwa hagusi kitu kwanza, anaiwasha, anafumba macho, halafu ananiuliza mie mtoto, "Kinasemaje?" Na kweli zile vespa zinasema. Gia iko mkono wa kushoto, unaizungusha mwenyewe na waya zinaivuta, injini tu-stroki, mafuta unachanganya na oili kwa mkono wako, kila kitu kinafanywa na mtu kwa hivyo kila kosa lina sauti yake. Waitalia walianza kuziuza mwaka 1946, na hizo za zamani mjomba anazijua mpaka uchi wake. Mie sijawahi kukaa nikasema kusikiliza ni ushamba. Kamwe.

Lakini hii skuta ya Bi Time (ile nyekundu ya vitumbua, injini yake GY6 ya cc 150) gia inabadilika yenyewe ndani ya kava, hakuna anayeiona. Kaniletea analalamika kwamba akifika Jozani inatoa harufu ya mpira kuungua, na ikishapata moto inakuwa nzito, anavuta mafuta injini inalia lakini mwendo hauji. Na mtizame kazi anayoifanya yule mama. Alfajiri anazunguka Darajani na Mwanakwerekwe katikati ya watu, mwendo wa kutambaa, ndoo mbele ndoo nyuma. Halafu anaingia barabara ya Tunguu, Jozani, mpaka Paje kwenye mahoteli. Kule kutambaa ndo kunapika klachi, kwa sababu viatu vya klachi vinakuwa vimetanuka kidogo tu, havijashika bakuli sawasawa, vinasugua, na kusugua ni moto. Ukitoka hapo unafika kwenye matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju wasigongwe (na mie nayaunga mkono mia kwa mia), kila tuta unapunguza, unaondoka tena na mzigo, klachi inasugua tena.

Nikafungua kava la kushoto. Wallahi nilimuonea huruma. Vumbi jeusi la belti limejaa kila kona, bakuli la klachi limegeuka rangi ya buluu, ujue hapo chuma kimeungua. Belti ikiwa mpya ina upana wa milimita 20, hizi zinaandikwa 743-20-30, yaani urefu, upana na pembe, yake nimeibana na kalipa imebaki 18 na ushei. Sili ya puli ya nyuma imekufa, grisi imeruka mpaka kwenye belti, sasa belti yenye grisi inateleza, ikiteleza inapata moto, ikipata moto inakauka na kung'aa, ikishang'aa inateleza zaidi. Rola zimelika upande mmoja. Na juu ya yote mdomo wa hewa umezibwa! Kuna fundi mmoja, simtaji, aliupaka silikoni wakati wa masika ili maji yasiingie. Jamani. Ile puli ya mbele imetiwa mapanga makusudi, inavuta hewa ya nje inaipitisha juu ya belti mpaka kwa klachi halafu inaitoa. Ukiziba pale, hewa ile ile ya moto inazunguka mle mle kutwa. Kwa wenye skuta wanaokwenda upande wa Paje na Jambiani nawaomba, ile sponji ya mdomo wa hewa isafisheni mara kwa mara, mchanga wa kule ni mwembamba unaijaza bila nyie kujua. Na yale makava ya plastiki upande wa kulia, ya feni ya injini, msiyavue kwa urembo, hewa haitopita tena kwenye silinda inavyotakiwa.

Usiku nikawa nalala namjibu mjomba kichwani. Silikoni utaisikia kwa sikio, mjomba? Milimita mbili kasoro za belti zinalia vipi? Nikamwambia mpaka habari za Hub van Doorne, Mholanzi wa DAF, aliyetia mikanda ya namna hii kwenye gari mwaka 1958, na gari ile ilikuwa inarudi nyuma kwa kasi ile ile ya kwenda mbele, na watu wa kazi ile lazima walipima. Nikamjibu vizuri sana. Asubuhi hakuna aliyenisikia.

Na nataka mnielewe kwa nini rola zinapimwa, sio mbwembwe. Mle kwenye puli ya mbele mna rola sita. Injini ikizunguka kasi rola zinarushwa kwa nje, zinalisukuma bamba, belti inapanda juu ya puli, hapo ndo gia inakuwa kubwa. Nyuma kuna springi inaibana belti, inakataa. Kukatalia kule na kusukuma huku ndo gia zenyewe, hakuna nyingine. Ukitia rola nyepesi injini inapanda resi kabla belti haijapanda, skuta inaondoka na nguvu hata na ndoo nne, ila ukifika Tunguu barabara imenyooka inapiga kelele tu, inakula petroli na injini inapata moto bure. Ukitia nzito belti inapanda mapema, injini inanung'unika chini, mzigo unaishinda. Vijana wengi wanakimbilia rola za gramu 9 na springi ngumu, wakisikia kelele wanadhani ndo spidi. Springi ngumu inaibana belti kupita kiasi, na huo ni moto mwingine unaununua kwa pesa yako. Kwa Bi Time springi nimeiacha ile ile ya kwake. Rola nimechanganya, tatu za 11 na tatu za 13, moja nyepesi moja nzito kwa kupishana, wastani 12. Sasa ukinunua paketi imeandikwa 11 ukaziweka kwenye mizani unakuta hii imezidi ile karibu nusu gramu. Nusu gramu haina sauti. Lakini bamba linasukumwa upande, rola zinalika, baada ya miezi mtu anarudi na malalamiko yale yale na lawama ni ya fundi. Mie sitaki Bi Time arudi. Yaani nampenda aje na vitumbua tu.

Belti mpya, sili mpya, grisi ya kuhimili moto kidogo tu kwenye pini za puli ya nyuma, rola kavu kabisa. Kufunga nati ya mbele nikaikamua puli ya nyuma kwanza ili belti izame ndani na huku mbele ilegee, maana belti ikibanwa na bamba nati inajifanya imekaza na haijakaza, ndo zile zinazokula meno ya shafti. Silikoni nimeikwangua yote. Kisha nikachora mistari kwa kalamu ya wino mzito kwenye uso wa puli, kuanzia katikati mpaka ukingoni.

Nikatoka na ndoo za Bi Time zimejazwa maji, uzito wake wa kweli. Na hapa ndo nataka kuwahadithia. Nilipopita Tunguu nikavuta mafuta mpaka mwisho nikayaacha pale, na sauti ikapanda, ikafika mahali, ikakaa. Mwendo unaongezeka, miti inapita, upepo unazidi, na sauti iko pale pale haipandi haishuki, belti ndo inayopanda. Skuta hii haina mshale wa resi, huna pa kutizama. Ni sikio. Nikasikia mwili wote umenilegea kwa furaha, nikajikuta nauliza kwa sauti, juu ya pikipiki, barabarani peke yangu, kinasemaje? Nilicheka nikapita mpaka Jozani, nikafika Paje, nikarudi. Kile kipimajoto cha kuelekeza bila kugusa, kabla sijaitengeneza kava lilikuwa linasoma mia na zaidi, sasa sabini na kitu baada ya njia yote ile na ndoo. Na nilipofungua, wino umefutika karibu mpaka ukingoni mwa puli, maana yake belti inapanda mwendo wake wote. Bi Time alipokuja kuichukua aliondoka, akapiga kona, akarudi tena kuniambia "Mwanangu, hii ndo ilivyokuwa ikija dukani." Nimefurahi mpaka leo.

Kwa hivyo Jumapili nilikwenda kula kwa bimkubwa nimejiandaa. Nilitaka nimwambie mjomba, kwa adabu, kwamba nimesikiliza. Kwamba nilipima ili nipate cha kusikiliza, na kwamba mahali pale sauti inapokaa nimepajua kwa sababu yake yeye, hakuna kitabu kilichonifundisha. Nilikuwa na maneno yote. Lakini zilipigwa habari za Zuu tu, mahari, shangazi yupi wa kusafiri kwa boti kutoka Pemba, ukumbi au uwanjani. Mjomba akaniambia nimsogezee mchuzi. Nikamsogezea. Akauliza gereji vipi, nikasema alhamdulillahi, akasema alhamdulillahi, akaendelea na Zuu. Nadhani kwake neno lile liliishia pale pale kwenye msumari. Nimekuwa nikiligeuza hata sijui alilisema kwa sauti gani, saa nyingine nalisikia kama lawama, saa nyingine kama mtu anayetaja kitu anachokiona tu mbele yake, kwamba kijana huyu anapima. Hata ule mfuko wa maembe aliuleta yeye kwa miguu kutoka kwa bimkubwa, na jua lile.

Sasa kuna jingine. Ile chai ya baada ya chakula ilikuwa na chumvi. Nikadhani sufuria, nikaenda nikachota maji ya kisima kwa kata nikanywa, chumvi. Nikamwuliza bimkubwa akasema ulimi wako tu, hakuna kitu. Zuu kanambia pembeni yana muda hivyo, na wa nyumba ya pili wao wamekiacha kisima chao. Na daktari alishamwambia bimkubwa apunguze chumvi kwa ile presha, sisi tukawa tunampikia mchuzi chapwa huku anakunywa maji hayo kutwa na ndo anayochemshia chai. Nitampelekea madumu ya maji ya bomba, hilo rahisi. Ila dumu la lita 20 hawezi kulinyanyua mwenyewe kwa goti lile, anayemmiminia ni Zuu, na Zuu akishaolewa sijui nyumba ile atabaki na nani.