Iigeni Imani, Siyo Kikohozi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la wiki hii ni Waebrania 13:7: "Wakumbukeni wale waliokuwa wakiwaongoza, waliowaambia neno la Mungu, tena, kwa kuchunguza sana mwisho wa mwenendo wao, iigeni imani yao."

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kuiga ni aibu. Anayeigilizia darasani huadhibiwa, na anayeiga ukubwani huchekwa kwamba hana lake. Hapa mwandishi wa Waebrania anatuamuru tuige, tena bila kuona haya. Neno hili limenikaa moyoni kwa sababu ya mpwa wangu, binti anayesoma uchoraji. Muhula mzima kazi zake za darasani zimetoka kwa wachoraji wengine. Mwalimu wao amepanga hivi: kwanza nakili kazi ya mtu kama ilivyo, halafu chora kitu chako kwa mtindo wake, mwisho chora chako kwa namna yako, lakini uwe tayari kutaja umejifunza kwa nani.

Kazi ya kwanza aliiona ya kitoto. Alipewa picha ya Johannes Vermeer, Mholanzi wa karne ya 17: mtumishi wa jikoni anamimina maziwa, ameinamisha macho, nyuma yake ukuta mweupe na pembeni dirisha. Binti akaigawa picha kwa miraba ya penseli, akagawa na kanvasi yake vivyo hivyo, akaanza. Ukuta ni mweupe, basi akakamua rangi nyeupe kwenye tyubu na kuipaka. Ukatoka kama karatasi iliyobandikwa. Mwalimu hakumwambia chochote ila "tazama tena". Akatazama. Karibu na dirisha ukuta ule kumbe una kijivu, na jinsi unavyokwenda kulia unazidi kung'aa. Mahali pengine una umanjano, pengine ubuluu kidogo. Kisha akaona kitu ambacho mimi, niliyewahi kuiona picha hiyo mara nyingi, sikuwa nimekiona: juu ukutani kuna msumari usiotundikwa kitu, na kivuli chake. Akaja kuniuliza, "Mjomba, kwa nini mtu ahangaike kuchora msumari mtupu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ila nilijua kwamba asingelazimika kunakili, asingeuona.

Ndiyo maana katika andiko letu kuiga hakuji kwanza. Kwanza ni kuchunguza sana. Tunapenda kuruka hapo. Tunawasifu waliotulea kiroho siku ya mazishi yao, tunaimba, tunalia, lakini ni wachache waliokaa wakajiuliza: mama yule alifanyaje hata akasamehe jambo lile? Alianzia wapi? Alinyamaza wakati gani, na alisema wakati gani? Misumari midogo ya maisha yao hatuioni, kwa kuwa hatujawahi kujaribu kuichora upya kwenye maisha yetu.

Michelangelo, mchoraji na mchongaji mkubwa wa Italia, alipokuwa kijana mdogo alichora upya mchoro uliochapwa wa Mjerumani Martin Schongauer, unaomwonyesha Mtakatifu Antonio akishambuliwa na mapepo angani. Mchoro wenyewe ulikuwa wino tu, hauna rangi. Ascanio Condivi, mwanafunzi wake aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba kijana huyo alikwenda sokoni kuwatazama samaki, rangi za magamba na mapezi yao, ili ajue namna ya kuyavika mapepo yale magamba. Nampenda sana kijana huyo wa sokoni. Kunakili kwake hakukumfungia chumbani. Kulimtoa nje akatazame vitu vyenyewe.

Sasa tuje kwetu. Kijana anaokoka, anampenda mchungaji wake, na haipiti miezi mingi, akipewa maikrofoni anaomba kwa sauti ile ile ya kukwaruza. Anapangusa uso kwa leso ingawa hana jasho. Pale mchungaji hukohoa, naye anakohoa. Simcheki, maana mkono lazima uanzie mahali. Lakini sauti ya mchungaji ilikwaruza kwa sababu ya mikesha ya kuwaombea watu majina yao mmoja mmoja. Kijana amechukua kikohozi, mkesha ameuacha.

Hilo ndilo lililompata mpwa wangu kwenye kazi ya pili. Alimchagua Vincent van Gogh, mchoraji Mholanzi wa karne ya 19, kwa sababu, nadhani, mtindo wake unaonekana kwa mbali: rangi nzito, brashi inayozunguka kama upepo. Akachora uwanja wa shule yao kwa mizunguko hiyo, mbingu yote inazunguka, miti inawaka. Ilipendeza kwa dakika moja hivi. Baadaye yeye mwenyewe akasema inaonekana kama amevaa koti la mtu. Nikamkumbuka Daudi katika 1 Samweli 17, amevikwa kofia ya shaba na deraya ya Sauli, anajaribu kutembea na hawezi. Deraya haikuwa mbaya. Ilikuwa ya mtu mwingine, na Daudi hakuwa ameijaribu.

Jambo la kushangaza ni kwamba Vincent huyo naye alikuwa mnakili mkubwa. Alikuwa mtoto wa mchungaji, na kabla ya kuwa mchoraji aliwahi kuwahubiria wachimba makaa ya mawe huko Ubelgiji. Kuanzia Mei 1889 alikaa mwaka mzima katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Siku ambazo hakuweza kutoka kwenda mashambani, alichukua picha zilizochapwa za wachoraji aliowaheshimu, akazichora upya: karibu 20 za Millet, na nyingine za Delacroix na Rembrandt. Hakuwa mwanafunzi tena. Alikuwa na miaka 36 na kazi zake nyingi kubwa alikwisha kuzifanya. Picha hizo zilizochapwa hazikuwa na rangi, hivyo rangi zote ilibidi azitoe ndani yake. Mei 1890 alichora Msamaria Mwema kwa kumfuata Delacroix, mgongo wa Msamaria umepinda kwa uzito wa majeruhi anayempandisha juu ya mnyama. Ni mtu mgonjwa anayechora hiyo, tusisahau.

Alichora pia kufufuliwa kwa Lazaro, kutoka kwa Rembrandt. Katika mchoro wa Rembrandt, Yesu amesimama, mkubwa, mkono ameuinua. Vincent alichukua sehemu tu: Lazaro na dada zake, na pale juu akaweka jua kubwa la manjano. Yesu hayumo. Hapo mimi nasita. Wako wanaosema jua lile ndilo linalosimama mahali pa Kristo, na huenda ni kweli. Lakini mimi kama mwamini sitaki Lazaro afufuliwe na jua. Hata bwana mkubwa ukimnakili, kuna mahali utalazimika kumpita uende ukamtazame yule aliyekuwa akimtazama. Paulo alilijua hilo, ndiyo maana hakusema "mnifuate mimi" akaishia hapo. Alisema, "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo."

Mwingine aliyenisaidia kulielewa hilo ni Henry Ossawa Tanner, mchoraji Mmarekani mweusi, mtoto wa askofu wa AME, kanisa la Kimethodisti la Wamarekani weusi, aliyezaliwa 1859. Alifundishwa na Thomas Eakins huko Philadelphia, kisha akahamia Paris. Wachoraji kwa mamia ya miaka walikuwa wamemchora malaika Gabrieli na mabawa, na Mariamu katika vazi la kifahari, mara nyingi na ua la yungiyungi pembeni. Tanner aliwajua hao. Mwaka 1897 akasafiri hadi Palestina, akatazama watu, nguo zao na nyumba zao. Mwaka 1898 akachora kupashwa habari kwa Mariamu: msichana mdogo ameketi kwenye kitanda kilichovurugika, vidole vya mguu vimechungulia chini ya vazi, na Gabrieli ni nguzo ya mwanga tu. Hakuna bawa hata moja. Alichukua imani ya waliomtangulia, mabawa akawaachia.

Kazi ya tatu ya mpwa wangu ni mama yake akitunga uzi kwenye sindano karibu na taa. Haina mizunguko ya Vincent. Mwalimu alipouliza amejifunza kwa nani, alitaja watatu: ukuta kwa Vermeer, ujasiri wa rangi kwa Vincent, mwanga kwa Tanner. Nilitegemea akikua atakuwa na wachache wa kuwashukuru, kumbe wanaongezeka. Kwenye kona ya ukuta nyuma ya mama yake ameweka msumari. Mama yake amelalamika kwamba nyumbani kwao hakuna msumari mahali hapo.

Rudini kwenye andiko. Waebrania inataja "mwisho wa mwenendo wao". Viongozi wale walikuwa wamemaliza. Picha yao imekamilika, mtu anaweza kusimama mbele yake akaichunguza toka pembe hadi pembe. Ni salama zaidi kumwiga mtu ambaye mwisho wake umeonekana kuliko yule tunayemshangilia leo kwa sababu ana wafuasi wengi. Na angalieni mstari wa 8 unaokuja mara tu baada ya hapo: "Yesu Kristo ni yeye yule, jana na leo na hata milele." Wachoraji wameondoka na brashi zao, lakini aliyekuwa amekaa mbele yao hajasogea. Tunaweza kumtazama wenyewe, palepale walipomtazama.

Wiki hii naomba kila mmoja amchague mtu mmoja aliyemwambia neno la Mungu na ambaye amekwisha kumaliza mwendo. Mmoja tu. Andika jambo moja alilofanya, dogo kadiri uwezavyo, kisha lijaribu mwenyewe hadi Jumapili. Kama alikuwa akiamka mapema kuwaombea majirani, amka. Kama alikuwa akilipa deni kabla ya kudaiwa, lipa. Ukiona limekuwa kama deraya ya Sauli, usijilaumu. Uliza alikuwa akimtazama nani alipolifanya, halafu tafuta la kwako.

Tuombe. Bwana, tunakushukuru kwa waliotutangulia, hasa wale ambao hakuna aliyeandika majina yao. Tupe uvumilivu wa kutazama tena. Waangalie pia wanaotuiga sisi bila sisi kujua, watoto wetu na wapya katika imani. Palipo na kosa letu, wasilinakili. Kwa jina la Yesu, amina.